Mama wa Pumzi

Mize hakumtazama yule mwanamke usoni. Ndiyo kanuni ya kwanza ya ukalimani katika Kituo cha Lango: mwomba hifadhi usimtazame usoni, tazama ukuta, maana macho yana tabia ya kuchukua upande. Basi akatazama ukuta wa chumba cha mahojiano, penye taa mbili za Mizani, moja juu ya nyingine. Ya juu hupima sauti ya anayehojiwa, ya chini hupima sauti ya mkalimani. Anayesema neno ambalo moyo wake unalikataa, taa yake huwaka nyekundu. Zote mbili zilikuwa kijani, na kwa ile ya chini hilo halikuwa jambo la ajabu. Tangu Mize aapishwe, taa yake haikuwahi kugeuka hata mara moja. Wenzake walimtania kwamba yeye si mtu, ni bomba: maneno yanaingia huku yanatokea kule, bomba lenyewe halina habari.

"Muulize tena," alisema Bwana Lugome, afisa wa hifadhi. "Mtoto huyu ni wake?"

Mize akauliza kwa Kishungi. Mwanamke aliitwa Shemsa. Alikuwa na midomo iliyopasuka kwa ukavu wa safari, na mapajani pake amepakata mtoto wa kike wa miaka kama minne, Nunu, aliyenyolewa kipara kwa sababu ya chawa wa chomboni. Mtoto alikuwa anasinzia.

"Wangu," alisema Shemsa. "Mimi ndiye mama yake. Hana mwingine."

"Wangu," Mize akatafsiri kwa Kineema, lugha ya wenyeji wa Neema. "Mimi ndiye mama yake. Hana mwingine."

Hiyo nayo ni kanuni. Mkalimani wa Lango hasemi "anasema kwamba." Mhojiwa akisema mimi, naye husema mimi. Kwa kazi hiyo Mize ameshakuwa mzee aliyechomewa duka, ameshakuwa kijana aliyetoroka jeshini, na mjane amekuwa mara nyingi hata hakumbuki idadi. Jioni huvua koti la kazi akarudi kuwa Mize.

Bwana Lugome akakuna shingo. Tuseme haki ya Mungu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutembea na peremende mfukoni kwa ajili ya watoto wa watu. Lakini kwenye kioo mbele yake kulikuwa na majibu ya damu, na damu ilikuwa imesema neno jingine.

"Damu inakataa," alisema. "Si mwanawe, si wa dada yake, si wa ukoo wake hata kwa mbali. Na Mizani inasema huyu mama hasemi uongo. Miaka yangu yote hapa sijaona vitu hivi viwili vikigombana. Ama mashine imeharibika, ama huyu amefunzwa kuihadaa. Na wanaofunzwa kuihadaa, Bibi Mize, ni wale wanaosafirisha watoto wa watu."

Mize alijua kuna jibu la tatu. Alilijua kama anavyojua jina lake.

Shungi ni mwezi usio na hewa. Watu wake huishi ndani ya makuba ya kioo, na hewa hununua kwa Shirika, ikaletwa kwa mabomba. Shirika lilipogombana na wachimbaji lilifunga koki, kuba moja baada ya jingine, na watu wakatoka mbio kuelekea kwenye vyombo, kila mmoja na mavazi yake ya nje na mtungi wake mgongoni. Mtoto hana mtungi. Mtoto hupumua kwa mtungi wa mzazi, kwa mpira wa pili uliochomekwa kwenye vazi lake. Mzazi akianguka njiani, na wengi walianguka, mtoto hubaki na pumzi chache tu za kuhesabu. Hapo ndipo inaposimama mila ya Washungi. Yeyote aliye karibu, mwanamume au mwanamke, mwenye watoto wake au asiye na mtu, akichomeka mpira wake wa pili kwenye vazi la mtoto yule, basi amemzaa. Hakuna mjadala. Mababu wa mababu zao kule duniani walikuwa na ndugu wa kunyonya ziwa moja. Washungi wana mama wa pumzi. Wakifika salama hukata kipande cha ule mpira wakamvisha mtoto mkononi, bangili nyembamba nyeusi. Na tangu siku hiyo ni mwiko kumtaja mama wa damu mbele ya mtoto, mpaka akue na aambiwe kwa adabu yake. Kumtaja kabla ya hapo wanakuita kumkatia mtoto hewa. Mshungi mwenye haya zake yuko radhi akatwe ulimi.

Sasa tazama mambo yalivyokutana. Sheria ya Neema inataka mtoto awepo chumbani mzazi anapohojiwa. Na Shemsa, mtoto kamlalia kifuani, asingejibu vingine hata angeshikiwa bunduki. Ilitosha mtu mmoja atamke sentensi moja: Mtoeni mtoto nje kwanza, kisha mwulizeni upya. Sentensi hiyo ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Mize.

Bwana Lugome, kama aliyeiona, akamgeukia. "Wewe umetoka huko. Kuna mila yoyote ya kwenu inayoweza kumfanya huyu mtoto awe wake?"

Chini ya mkono wa koti la kazi, Mize alikuwa amevaa bangili yake.

Bi Arafa, mama aliyemlea, aliingia Neema zamani, damu haijaanza kupimwa. Aliulizwa kama alivyoulizwa Shemsa, Mize akiwa mapajani, naye akajibu vilevile. Wakamwandika mama mzazi. Na sheria ya Neema haizeeki: taarifa ya uongo ya siku ya kuingia hufuta hifadhi hata kama umeshaota mvi. Mize akieleza mila, swali la pili litakuwa, na wewe je? Na yule bibi wa nyumbani kwako? Swali la tatu ni chombo cha kurudi Shungi, ambako limebaki kuba moja la Shirika, na anayerudishwa hupewa hewa ya mgao. Kijana huweza kuishi kwa mgao. Bi Arafa ana pafu moja zima. La pili liliungua siku ile aliyokimbia akigawana mtungi mmoja na mtoto wa mwenzake.

Ndiyo, Mize alifikiri yote hayo kwa muda wa kumeza mate. Kisha akasema:

"Bwana afisa, kiapo changu ni kutafsiri maneno. Mila si kazi yangu."

Lilikuwa neno la kweli, na kiapo kinasema hivyo hivyo. Taa ya chini ikabaki kijani kama jani la mgomba.

Bwana Lugome akapumua kwa nguvu, akasoma uamuzi, na Mize akautoa kwa Kishungi kwa kanuni ileile. "Ninaamuru mtoto apelekwe Nyumba ya Watoto," alisema Mize. "Ninaamuru wewe urudishwe ulikotoka kwa chombo cha Ijumaa."

Shemsa hakupiga kelele. Alikuwa anatazama mkono wa Mize, maana Mize aliunyoosha kumwonyesha pa kutia kidole gumba, na koti likapanda kidogo.

"Na wewe ulipewa," alisema Shemsa.

"Amesema nini?" aliuliza Bwana Lugome.

Kila kinachosemwa chumbani hutafsiriwa. "Na wewe ulipewa," alisema Mize, akitazama ukuta.

"Nilipewa kazi, mama," Bwana Lugome akajibu kwa huzuni, akidhani ni yeye aliyeambiwa. "Nami sina budi niifanye."

Mlezi wa zamu akaingia kumchukua Nunu. Mtoto aliamka, akamwona mtu asiyemjua, akaona mikono ya mama yake inaachia. Hakulia. Watoto wa Shungi hawalii wakitenganishwa na mtu wao, maana kulia kunamaliza hewa. Wanafunzwa kubana pumzi wakisubiri mpira. Nunu akafumba mdomo, akajaza mashavu, akatoa macho, na hivyo ndivyo alivyobebwa mpaka mlango ukafungwa.

"Umeona?" Bwana Lugome alisema taratibu. "Mtoto wa kweli angelia."

Hapo pia Mize alinyamaza. Hapo hata hakuulizwa kitu, akanyamaza tu.

*

Husemwa majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Mize hayakuwa na subira hiyo. Yalimpokea nje ya lango la kazini, yakampakia kwenye lifti ya mji, yakashuka naye mpaka Ghorofa ya Wageni, yakatangulia kuingia ndani.

Bi Arafa alikuwa jikoni anakaanga kachori. Biashara yake hiyo ilijulikana ghorofa nzima, na kwa kuwa hakujifunza Kineema hata neno, aliuza kwa vidole na kicheko. Wateja Waneema walimpenda kwa sababu akikosea hesabu hukosea kwa kuongeza. Alivuta pumzi kwa mluzi, kama kawaida yake. Mize amelala na kuamka na mluzi ule tangu utotoni. Ukikoma usiku, yeye hushtuka.

"Umerudi? Nawa mikono ule. Mbona uso umekusawijika hivyo?"

"Nimechoka, mama."

"Umechoka," Bi Arafa alisema, akigeuza kachori. "Hata mimi nimechoka, lakini sura yangu iko palepale."

Mize akakaa, akamega, akatafuna, chakula kikagoma kushuka. Mama akamwacha kwanza. Ni mtu wa kuacha sufuria ichemke. Alipozima jiko akavuta kigoda, akakaa mkabala naye.

"Wanasema huko nje kwamba leo Lango wamemnyang'anya mwanamke wa kwetu mtoto. Wanasema mtoto ana bangili. Nikawaambia wee, acheni uzushi. Lango kuna mwanangu. Mtoto wa bangili atanyang'anywaje na mwanangu yumo?"

Mize akatazama ukuta.

"Usinitazamie ukuta mimi! Mimi si mhojiwa wako. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Hukuwaambia?"

"Sikuapishwa kueleza mila, mama. Nimeapishwa—"

"Sikukuuliza kiapo. Nimekuuliza, hukuwaambia?"

"Sikuwaambia."

Bi Arafa akaweka mkono kifuani. Mluzi ukapanda, ukashuka. Mize akainuka kumletea kikombe cha mvuke wake, mama akamkataza kwa kidole.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako!" Ndipo lilipomtoka, na lilitoka na machozi. "Wangeuliza habari zangu, mama. Wangekuuliza wewe. Unajua Shungi hewa ya mgao ni nini kwa mtu wa pafu moja? Huwezi kupanda hata ngazi za hapa! Nilipima. Yule ni kijana, atastahimili. Mtoto atalelewa, atakula, atasoma. Wewe utakufa. Nilikuwa nakulinda."

"Nilikuomba?"

"Mama..."

"Nilikuomba unilinde kwa mtoto wa mwenzangu?" Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Unasema mtoto atakula, atasoma. Wewe nilipokukuta umekaa kando ya marehemu, umejaza mashavu, macho yamekutoka, nilikuwa na mtungi nusu. Mwenye akili za kupima angesema, nusu haitoshi watu wawili. Wala asingepima vibaya. Kulea mimba si kazi, Mize, kazi ni kulea mwana. Sasa naona kazi yangu imekwenda wapi."

Maneno hayo yalimchoma Mize kuliko kofi. Akapiga magoti, akamshika mama miguu. Akalia kwa kwikwi, akisema nisamehe mama, nisamehe, na mama akamshika kichwa. Maana hasira ya Bi Arafa ni ya moto wa mabua, ikishawaka imekwisha. Kilichobaki baada yake ndicho kibaya, nacho ni uamuzi.

"Chombo kinaondoka lini?"

"Ijumaa. Lakini mama, sikiliza. Kesho naenda kueleza mimi mwenyewe. Nitasema mila, basi, bila kukutaja."

"Watakuamini? Wewe jana umesema si kazi yako, leo imekuwa kazi yako? Watasema umehongwa. Ile mashine yenu inataka mtu aliyefanya, si mtu aliyesikia." Akajifuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja. "Nitakwenda mimi. Niwaambie nilivyofanya. Wakipima, kweli wataiona."

"Watakurudisha!"

"Watanirudisha. Mimi nimeshakula chumvi yangu, mwanangu, na kachori zangu pia nimekula. Yule mtoto ana miaka minne."

Mize alibembeleza mpaka sauti ikamkauka. Alitaja daktari, alitaja kikombe cha mvuke ambacho huko Shungi hakuna, alitaja kwamba yeye atabaki peke yake kama kidole. Bi Arafa alikubali kila hoja, akasema ndiyo, ndiyo, hilo nalo kweli, halafu akafungua sanduku akaanza kutafuta kanga isiyo na doa la mafuta.

*

Bwana Lugome alitaka mkalimani mwingine, maana kanuni haipendi mtu amtafsirie jamaa yake. Lakini katika Kituo chote cha Lango, mkalimani wa Kishungi aliyeapishwa alikuwa mmoja tu, na chombo cha kurudi kilikuwa kimeshaanza kupakia. Akamuuliza Mize kama ataweza. Mize akasema ataweza. Taa yake ilikuwa kijani, kwa hiyo wakaanza.

Chumba kilekile, ukuta uleule. Shemsa aliletwa, akaketishwa pembeni, mikono mitupu mapajani kama mtu aliyesahau alichokuwa amebeba. Bi Arafa alikuwa kwenye kiti cha mhojiwa, miguu haifiki chini vizuri. Kabla ya kuketi alimpa Shemsa shikamoo ya Kishungi, ile ya kuweka kiganja kifuani na kutoa pumzi mbele ya mwenzako ili aione. Mkubwa hampi mdogo salamu hiyo. Shemsa akafunika uso.

"Kwanza," alisema Bi Arafa, "mwambie huyu bwana ashukuriwe kwa kutomleta mtoto humu."

"Kwanza, bwana, ushukuriwe kwa kutomleta mtoto humu," alisema Mize.

Kisha mama akaeleza, polepole, kituo kwa kituo, akimpa mwanawe nafasi ya kutafsiri, kana kwamba walikuwa wanasonga ugali pamoja. Alieleza mpira wa pili. Alieleza bangili. Alieleza mwiko, na kwa nini mama mwenye mtoto mapajani hawezi kusema neno lile hata akifa. Alieleza kwa nini mtoto hakulia. Hapo Bwana Lugome akaacha kuandika, akavua miwani, akaishika mkononi muda mrefu.

Taa ya juu ilikuwa kijani. Ya chini pia.

"Na wewe umeyajuaje haya?" aliuliza.

"Kwa sababu nimeyafanya," alisema Bi Arafa. Akamwonyesha Mize kwa kidevu. "Huyu binti anayekutafsiria, mimi sikumzaa."

Mize akafungua mdomo. Hakujua mwili wa mtu unaweza kugoma hivyo. Lakini mafunzo ni mafunzo, na bomba likafanya kazi yake.

"Huyu binti anayekutafsiria," alisema Mize kwa Kineema, "mimi sikumzaa."

Bwana Lugome akainua uso ghafla. Akamtazama mkalimani, akamtazama bibi, akatazama mkono wa koti la Mize. Mize akalipandisha koti mwenyewe. Bangili ilikuwa imefifia weusi kwa miaka, imemkaza kidogo, kwa kuwa ilikatwa kwa kipimo cha mkono wa mtoto.

"Na wewe ulipewa," alisema Bwana Lugome kwa sauti ndogo. Sasa ndiyo alikuwa amelielewa lile neno. "Siku ile nilikuuliza, Bibi Mize. Nilikuuliza waziwazi."

"Uliniuliza, bwana."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Mnasema nini?" aliuliza Bi Arafa. "Tafsiri, mwanangu. Kila kinachosemwa chumbani hutafsiriwa, si umeniambia mwenyewe?"

Mize akatafsiri. Uliniuliza. Nilikuwa najua. Yakasikika mabaya zaidi kwa Kishungi. Shemsa kule pembeni aliyasikia yote, naye hakumlaani. Alimtazama tu kama mtu anavyomtazama mgonjwa, na Mize akatamani alaaniwe.

Basi mambo ya ofisi yakaenda mbio, kama yanavyokwenda pale mtu mkubwa anapoona aibu. Bwana Lugome akamwita mlezi. Akafuta amri ya kwanza. Akaandika kwamba Shemsa ana mtoto wake, na mtoto ana mama yake, na kwamba tangu sasa Lango litamtoa mtoto nje kabla ya kumhoji Mshungi. Mlango ulipofunguliwa Nunu alikuwa amesimama ukumbini kashikwa mkono, na akamwona aliyekuwa anamngoja. Akatoa pumzi. Ilikuwa ndefu, ya kutoka tumboni, ungedhani ameibana tangu siku ile. Shemsa alimdaka njiani, wakatoka hivyo hivyo, bila kuaga. Bi Arafa akacheka mpaka mluzi ukamkaba akaanza kukohoa.

Kisha chumbani wakabaki watatu.

Bwana Lugome alivaa miwani yake tena. Hakuwa na haraka, na kama angepata mlango wa kutokea angetokea. "Bibi, ninalazimika kukuuliza. Ulipoingia Neema ulisema wewe ni mama mzazi wa Mize. Ilikuwa taarifa ya uongo?"

"Kwa sheria yenu, ndiyo," alisema Bi Arafa, na Mize akasema hivyo.

"Unajua kwamba hilo linafuta hifadhi yako?"

"Ninajua."

"Utaondoka na chombo cha Ijumaa."

"Nimeshafunga mzigo. Kachori nimeziacha kwa jirani."

Mize alitafsiri hata hilo la kachori. Sauti yake ilikuwa tambarare, na taa yake kijani. Lilikuwa limebaki swali moja. Huulizwa kila anayefutiwa hifadhi, kwa sababu anayejutia huandikiwa mgao mzuri zaidi wa hewa kule aendako. Bwana Lugome aliliuliza akimwinamia bibi, sauti imejaa ombi, kama mtu anayemnong'onezea mtoto jibu la mtihani.

"Bibi Arafa. Unajutia ulichofanya? Ukisema unajutia, nami nitaweza kukusaidia kidogo."

Mize akamtafsiria, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akavunja kanuni ya kwanza. Alimtazama mhojiwa usoni. Sema ndiyo, mama. Aliliomba kwa macho, kwa kuwa mdomo haukuruhusiwa. Sema ndiyo tu, ni hewa.

Bi Arafa naye akamtazama yeye, muda, kama siku zile alipokuwa akimkagua masikio kabla ya shule.

"Mwambie hivi. Sijutii. Sijutii hata pumzi moja."

Taa ya juu ikawaka kijani, kijani kibichi, haikutetereka.

Mize akasimama wima. Akatazama ukuta. Akasema kwa Kineema, kwa sauti iliyonyooka, neno kwa neno kama lilivyotoka:

"Sijutii. Sijutii hata pumzi moja."

Taa ya chini ikawaka nyekundu.

Bwana Lugome alijua kanuni kama yeye: jibu la taa nyekundu haliandikwi, hurudiwa. "Rudia, tafadhali," alisema.

"Sijutii," alisema Mize. "Sijutii hata pumzi moja."

Nyekundu.

"Rudia."

Akarudia. Safari hii sauti ilipasuka katikati, na taa ikabaki vilevile, jicho bovu ukutani. Bi Arafa, asiyejua Kineema, alikuwa anatazama zile taa mbili, yake na ya mwanawe, hakuelewa kwa nini hazifanani.

"Mbona yako nyekundu, mwanangu? Hukunisikia vizuri?"

"Nimekusikia, mama."

"Basi ni haraka tu. Tangu mdogo ukiwa na haraka unakosea." Akanyoosha mkono, akaushika ule wenye bangili, akaupapasa kwa kidole gumba. "Vuta pumzi kwanza. Ndiyo hivyo. Halafu mwambie tena."

Mize akavuta pumzi. Akamwambia tena.